Kupika Kwenye Kiwanja Kitupu

Tangazo lilipopita nilikuwa naanika mashuka. Nafua kwenye loji moja upande wa juu wa mji wa Karatu, na asubuhi ile ukungu ulikuwa umechelewa kuondoka, kwa hiyo gari lenye vipaza sauti nililisikia kabla sijaliona. Lilikuja taratibu, na nyuma yake magari ya watalii yalikuwa yakipiga honi kwa haraka ya kuwahi geti la Ngorongoro. Mtangazaji alisema ujenzi wa nyumba mpya umesimamishwa kwa muda katika vitongoji vyote vya pembezoni, mpaka mpango wa mji utakapokamilika. Waliokwisha kupaua wamalizie. Ambao hawajachimba msingi wasichimbe. Atakayekaidi, nyumba yake itabomolewa kwa gharama yake mwenyewe.

Akarudia mara ya pili kwa sauti ileile, kama anayetangaza chanjo ya kuku, halafu gari likashuka kuelekea sokoni.

Nilibaki nimeshika kona ya shuka. Sisi hatukuwa tumechimba msingi. Tulikuwa na kiwanja, na juu ya kiwanja kulikuwa na matofali mabichi yaliyokwisha kupangwa tanuri, yakisubiri moto.

Mama yangu anauza chakula karibu na stendi. Tangu baba afariki tumeishi vyumba vya kupanga, na kila chumba kilikuwa na namna yake ya kututoa. Kimoja, mwenye nyumba alimleta mwanawe aliyeoa. Kingine kiligeuzwa stoo ya mahindi. Kile cha kabla ya hiki tunachokaa sasa kilipakwa rangi, kikatiwa bafu ndani, kikawa cha wageni wanaokwenda kuona kreta. Mama hakuwahi kugombana na yeyote. Alikuwa anafunga vyombo ndani ya kanga, ananiambia nishike upande wa pili, tunaondoka. Ila njiani, kila tulipohama, alikuwa anasema anataka kuzeekea kwenye nyumba ambayo hakuna mtu anayeweza kumwambia toka. Hakutaka nyumba kubwa. Alitaka vyumba viwili, sebule, na jiko la kusimama bila kuinama.

Kiwanja kiko kwenye mteremko wa upande wa kwenda Rhotia, juu kidogo ya korongo. Mama alikilipia kidogo kidogo kwa muda mrefu, mpaka aliyeuza akachoka kusubiri na bado akasubiri. Matofali tuliyafyatua wenyewe, mimi na mjomba wangu, mdogo wake mama, ambaye analima mahindi na maharage Rhotia. Nilikuwa nikitoka kufua nakwenda kukanyaga udongo. Mjomba anajaza kalibu, mimi nabeba, nageuza, nanyanyua taratibu tofali lisipasuke pembe. Ni kazi inayonifaa kwa sababu haina maneno mengi. Mimi niliishia darasa la saba, na hata shuleni nilikuwa mtu wa kujibu nikiulizwa tu.

Jioni ya siku ya tangazo mama alifika kiwanjani bado amevaa aproni. Alilizunguka tanuri, akasema tuache, tusije tukaonekana wakaidi. Mjomba alikuwa ameshaleta kuni za mkaratusi kutoka shambani kwake. Akaketi juu ya zile kuni.

"Dada, tangazo limesema tusijenge," alisema. "Mimi sijengi. Mimi napika."

"Unapika nini?"

"Udongo. Mvua ya vuli ikiukuta mbichi utarudi shimoni ulikotoka, na mwanao huyu atalia."

Mama alinitazama mimi. Nadhani aliuona mgongo wangu ulivyochoka kubeba. Akavua aproni, akaanza kukandika tope kwenye tanuri pamoja nasi.

Tuliwasha kesho yake asubuhi. Moshi wa tanuri huwezi kuuficha, na saa chache baadaye mwenyekiti wa kitongoji alipanda mteremko, fimbo mkononi, ameshakunja uso tangu chini. Majirani kadhaa walikuwa wamekuja kuota moto, maana ilikuwa siku ya baridi. Mwenyekiti akauliza nani katuruhusu kujenga.

"Mwenyekiti, unaiona nyumba wapi?" mjomba alimjibu. "Tuonyeshe mlango tuingie, baridi imetuzidi."

Watu walicheka. Mwenyekiti akazunguka tanuri kama mama alivyolizunguka, akachungulia matundu ya moto, na nikaona anapenda lile joto. Mwisho akatoa amri yake: matofali yakishaiva yasiondoke pale. Asikute tofali limepanda juu ya tofali.

"Na haya yote yamepandana," alisema mjomba.

"Haya ni tanuri. Wewe mkwe, usinifanye mtoto." Alimwita mkwe kwa sababu mke wa mjomba ametoka ukoo wake. Kisha akakaa, akaota moto mpaka mchana.

Kwa hiyo tulikuwa na matofali mekundu, mazuri, yaliyolia vizuri ukiyagonga, na hatukuwa na ruhusa ya kuyagusa.

Mkutano wa hadhara uliitishwa kwenye uwanja wa shule ya msingi. Aliyekuja kueleza alikuwa afisa mipango miji, dada mmoja ambaye si mkubwa sana kunizidi, amevaa buti zenye tope. Hakuanza na sheria. Alituuliza nani amewahi kubeba mgonjwa kwa kitanda kutoka mteremkoni mpaka barabarani. Mikono mingi iliinuka. Akauliza nani aliingiliwa na maji masika iliyopita. Mikono ikainuka tena, na mingine haikushuka tangu swali la kwanza. Akasema nyumba zetu zimetangulia barabara, nyingine zimekaa kwenye njia ya maji, na kila mwezi mji unaongezeka. Wakiacha watu wajenge huku wao wanapanga, wakimaliza kupanga itabidi wabomoe. Ndiyo maana wamesema tusimame kwanza.

Watu hawakupenda. Akasimama mwanamke mmoja wa Kimaasai ambaye kiwanja chake kimepakana na chetu. Ametoka Nainokanoka, huko juu ndani ya hifadhi. Mumewe amebaki na ng'ombe, yeye amekuja mjini kwa ajili ya shule ya watoto. Sisi sote tunamwita yeyo, ambayo ni mama kwa Kimaasai, na yeye humwita mama yangu yeyo vilevile, kwa hiyo wakisalimiana hujui nani anamwita nani.

"Kwetu nyumba hujengwa na mwanamke," yeyo alisema. "Mimi nyumba zangu zote nimezijenga kwa mikono hii, na hata mume wangu hakuniuliza kibali. Wewe mtoto wa kike mwenzangu unaniambia nisijenge?"

Yule afisa hakukasirika. "Na kule ulikojenga, yeyo, maji ya mvua yalipita wapi?"

"Yalipita chini. Mimi nilijenga juu, pa kuinuka."

"Basi na mimi natafuta pa kuinuka. Nisaidie kutafuta."

Yeyo akakaa, akijifunika shuka lake, na kumwambia mama kwamba huyo mtoto ana mdomo. Alisema kwa kusifu.

Jambo lililotutoa jasho lilikuja mwishoni. Mtu mmoja aliuliza habari ya viwanja vitupu. Afisa akasema wataanza na maeneo ambayo watu wanaishi, halafu watapita kiwanja kwa kiwanja, na ni vizuri kila mwenye kiwanja awepo. Alilisema kama jambo la kawaida. Lakini sisi tulitoka pale tukiwa tumesikia kwamba wanaoishi ndio watakaotangulia, na kwamba kiwanja kitupu ndicho kitakachokuwa barabara.

Tukiwa njiani mjomba akatoa habari ya zamani. Babu yao, kule Buger, aliwahi kugombania eneo na familia nyingine. Hakukuwa na mpaka wala shahidi aliye hai. Wazee wakaja na majembe, wakachimba mahali ambapo kila upande ulidai nyumba yake ilisimama. Upande wa babu walikuta majivu, tabaka juu ya tabaka. Upande wa pili walikuta udongo mtupu. Shauri likaishia hapo, kwa sababu udongo hausemi uongo, na mahali palipopikwa ndipo palipokaliwa.

 Jumapili, baada ya ibada, mama aliniambia nichukue sufuria kubwa ya kazini. Yeye alibeba mafiga. Tulipofika kiwanjani aliyapanga mawe yale matatu mahali alipokusudia jiko liwe, akawasha moto, akapika makande.

Nilisikia aibu. Tulikuwa katikati ya nyasi, hakuna ukuta, hakuna paa, na mama anakoroga kama yuko ndani. Wapita njia walikuwa wanasimama. Mmoja akauliza kama tumefiwa. Mama akamjibu kwamba hapana, ni chakula cha mchana tu, karibu. Yule mtu akakaa, akala, akauliza sababu, na mama akamweleza habari ya majivu ya Buger.

Hapo ndipo ilipotushinda. Jumapili iliyofuata yeyo naye alikuwa na moto wake, anachemsha chai ya maziwa. Juu yake familia moja ilikuwa inachoma mahindi. Jumapili ya baadaye, ukisimama barabarani, mteremko mzima ulikuwa unafuka moshi kama kijiji cha zamani, na hakuna nyumba hata moja. Uvumi ulikua kila ulipopita kwenye mdomo mpya. Ikasemwa kwamba ofisi itapima kina cha majivu. Kuna jirani ambaye hakuwa na muda wa kupika, akaleta majivu kwa ndoo akitumia bodaboda, na wenzake wakamkamata akiyamwaga. Wakamuuliza ni ya nani. Akakiri ni ya kwa mama mkwe.

"Basi kiwanja ni cha mama mkwe," yeyo alimwambia. "Nenda kamwite aje akae."

Wakati ule niliona ni vurugu. Sasa nikikumbuka, naona kwamba kabla ya hapo sikuwa namjua mtu yeyote wa mteremko ule. Kila mmoja alikuwa na kiwanja chake na fyekeo lake, anakuja, anafyeka, anaondoka. Moto ndio uliotukalisha. Mama, ambaye kazi yake ni kulisha watu, alijua nani hali pilipili, na nani ana mtoto hospitali. Nikajua sauti zao. Nikaanza kusalimia kabla sijasalimiwa.

Wapimaji walifika siku ya kazi, na mimi nilikuwa zamu ya mapumziko. Mama alikuwa amesikia wanakuja, akahamishia hata biashara yake pale. Alikuwa na meko mawili ya nyongeza na masufuria matatu. Yule afisa alisimamisha chombo chake cha miguu mitatu, akawatuma vijana wake wakasimame na fimbo ndefu za rangi mbele huko. Akainama kuchungulia, akainuka, akafuta kioo, akainama tena. Kisha akaja kwetu huku akipepea moshi kwa mkono.

"Shikamoo mama. Naomba uzime moto kidogo, simwoni kijana wangu."

"Marahaba, mwanangu. Sizimi."

"Kwa nini, mama?"

"Nikizima utaandika hapa hapakai mtu."

Afisa alimtazama, akatazama mteremko na mioshi yake yote. Nadhani walikuwa wamekwisha kujiuliza ofisini kwa nini watu wa upande huu wanapenda kula nje. Mama akamweleza yote, mpaka na majembe ya wazee. Yule dada alichuchumaa, akasikiliza mpaka mwisho. Hakutucheka. Alisema hata yeye angependa kuwa na mzee wa namna hiyo ofisini, lakini wao hawapimi majivu. Wanachotaka ni mpaka uonekane na majirani wa pande zote wakubali kwamba ndio. Kiwanja kitupu ni cha mwenyewe sawasawa na chenye nyumba.

"Kwa hiyo nimepika bure?" mama aliuliza.

"Kama kuna makande yamebaki, si bure."

Walikula, vijana wake nao, moto ukazimwa, hewa ikasafika, kazi ikaendelea. Nilifurahi. Nilidhani tumemaliza. Mchana ule mama aliimba wakati anaosha sufuria.

Halafu, kabla hawajaondoka, kijana mmoja akapigilia kigingi chenye rangi nyekundu katikati ya kiwanja chetu, karibu kabisa na matofali. Mama akauliza ni cha nini. Afisa alijibu taratibu, na niliona hakupenda kujibu. Ilikuwa rasimu ya barabara. Gari linatakiwa kushuka kutoka barabara kuu hadi chini karibu na korongo, na mteremko ulio laini kuliko yote unapita pale. Ikipita hivyo ilivyo, kiwanja chetu kinabaki vipande viwili, na hakuna kipande kinachotosha nyumba. Tungelipwa, tungetafutiwa pengine.

Mama hakupiga kelele. Aliuliza pengine ni wapi, akaambiwa bado. Nikajua anachosikia yeye ni kauli ileile ya wenye nyumba wote.

Afisa aliona uso wake, akarudi hatua kadhaa, akachora kwa kijiti kwenye vumbi. Kulikuwa na njia ya pili. Barabara ingeweza kupinda na kufuata mipaka, ikapita kati ya kiwanja chetu na cha yeyo, halafu ikaendelea mbele, iwapo kila mmoja wa pande zote mbili atatoa hatua chache za eneo lake. Lakini lazima wakubali wote mbele ya mwenyekiti. Akikataa mmoja, barabara itanyooka.

Kuwauliza wengine hakukuchukua muda, kwa sababu tulikuwa tumekwisha kula nao. Yeyo alisema atatoa upande wowote, ng'ombe wake hawako huku. Yule wa majivu ya mama mkwe alikubali kabla hajamalizia kusikia. Aliyekataa alikuwa mmoja tu, naye ndiye pekee ambaye hakuwahi kupika nasi, maana alikuwa na nyumba yake tayari, imekwisha, ina vigae na geti la chuma. Ni dereva wa watalii aliyestaafu, mpole, mtu wa kusalimia kila mtu. Lakini ua wake wa minyaa aliupanda kwa mkono wake na ulikuwa umekomaa, na ndio ulioziba kona ambayo barabara ingepinda. Mwenyekiti alipomwendea akasema yeye alijenga mapema, akajenga vizuri, mpango huu unawahusu waliochelewa. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu aliyemaliza kula na kunawa.

Siku zile mama alikuwa anapika bila kuonja. Wateja wa stendi wakaanza kulalamika chumvi.

Kilichofuata nilikiona kwa sababu nilikwenda kufunika matofali na nyasi. Mvua ya kwanza ya vuli ilikuwa imenyesha, udongo umelainika, na kwenye kiwanja chetu kulikuwa na alama za matairi. Zilitoka juu, zikapita kati ya matofali yetu na mafiga ya yeyo, zikashuka mpaka kwenye geti la chuma. Niliziona siku nyingi kabla ya hapo na sikuzifikiria. Kwetu mtu hazuiwi kupita kwenye kiwanja ambacho hakijajengwa, ni kama shamba lililovunwa. Gari la dereva, bodaboda zinazomletea mizigo, gari la maji, wote walikuwa wanapita kwetu. Nikasimama pale na nyasi mkononi, nikazifuata kwa macho kwenda na kurudi. Hakukuwa na njia nyingine. Upande wa pili wa nyumba yake ni korongo.

Nilimwambia mama jioni, tukiwa tunaosha vyombo. Nilisema polepole, nikahofia ni jambo la kijinga. Mama aliacha sahani ndani ya maji. Kisha akacheka, kicheko cha kwanza tangu kigingi kile.

Kesho yake tulikwenda kwa dereva na chungu cha mboga za mnavu, kwa sababu mama haendi kwa mtu mikono mitupu. Alitukaribisha vizuri, akatuwekea chai, akatusimulia jinsi simba walivyolala chini ya gari lake mchana kutwa kwa ajili ya kivuli. Mama alisikiliza, akamsifu. Akasifu vigae. Kisha akaweka kikombe chini.

"Kaka, Mungu akinijalia nikajenga, matofali yangu yataanzia pale kwenye ule mchongoma na kuishia mpakani kwa yeyo. Nilitaka kukuuliza jambo moja tu. Siku hiyo wewe utapita wapi? Dirishani kwangu?"

 Dereva akainuka, akatoka nje hadi getini. Tulimwona kupitia mlangoni akitazama juu, halafu kushoto, halafu korongoni. Alikaa huko mpaka chai yake ikapoa.

Aliporudi akasema, "Na hiyo barabara ikinyooka katikati yako, haifiki kwangu."

"Haifiki. Inakwenda zake chini, na kipande kitakachobaki katikati mtu atakiwekea ua."

"Ikipinda?"

"Ikipinda inapita mbele ya geti lako. Ila inataka minyaa."

Alikunywa ile chai baridi yote. "Miaka yote nimewaonyesha wageni njia," alisema, "na kwangu sikuangalia."

Jumamosi tulikusanyika wote, na mwenyekiti, na afisa. Dereva alikuja na panga, akaanza kukata minyaa mwenyewe. Minyaa ina maziwa yanayochoma macho, kwa hiyo kila alipokata watu walimrukia wamwambie ageuze uso. Alikuwa anakata kidogo, anasimama, anauliza panatosha. Haikutosha.

"Dereva, piga rivasi!" alisema yeyo. "Bado, bado. Rudi nyuma. Kwani magari ulikuwa unayaendesha mbele tu?"

Hata mwenyekiti alicheka hadi akaegemea fimbo. Vijana wa afisa wakang'oa kile kigingi chekundu katikati ya kiwanja chetu na kukisogeza pembeni, na mimi nikafukia shimo lake kwa mguu kabla mtu hajabadilisha mawazo.

Ningependa kuandika kwamba tulianza kujenga wiki iliyofuata. Haikuwa hivyo. Kusimamishwa kuliendelea. Masika ikaja, watu wakalima mahindi kwenye viwanja, wakavuna, na bado hatujaruhusiwa. Wapo walioshindwa kusubiri, wakainua kuta mwisho wa juma ofisi zikiwa zimefungwa, na Jumatatu wakakuta zimechorwa alama nyekundu. Fundi mmoja alimwendea mama akamwambia kwake yeye siku mbili zinatosha msingi, nani atajua. Mama alimpa chakula akamwambia, "Sijasubiri umri wangu wote nije nifukuzwe na rangi." Lakini usiku ule sikumsikia akikoroma, na nilijua fundi alimwacha mahali pabaya.

Katika kusubiri huko trekta la halmashauri lilikuja na kuchonga barabara, na pembeni yake mtaro. Mvua kubwa ya kwanza baada ya hapo, watu tulitoka kwenda kuona. Maji yaliyokuwa yanakatiza viwanja yaliingia mtaroni, yakashuka mekundu mpaka korongoni, yakiwa na haraka yao. Kiwanja chetu kililowa na mvua yake tu. Yeyo alisimama chini ya mwavuli wa mama, akayatazama kwa muda, akasema yule mtoto amepata pa kuinuka.

Ruhusa ilipotoka ilitoka kimya kimya. Hakukuwa na gari wala vipaza sauti. Mwenyekiti alipita stendi kula, akamwambia mama kwamba kitongoji chetu kimefunguliwa, aende ofisini na mchoro. Mama akamwongezea nyama, akasahau kumletea maji.

Nyumba imelazimika kuwa ndogo kidogo na kugeuka. Zamani mama alitaka itazame mashamba ya Rhotia. Sasa inatazama barabara, kwa sababu ya zile hatua tulizotoa, na jiko limekwenda upande wa dereva. Mama alinung'unika siku moja, kisha akasema ni vizuri, atawaona wanaokuja kabla hawajabisha. Yeyo anajenga na yeye, kwa matofali safari hii. Amemchukua fundi, ila kila jioni anapita na kupapasa kuta, na pasipomridhisha anabomoa kwa mkono. Fundi amelalamika kwa mwenyekiti. Mwenyekiti amemwambia avumilie.

Nimeandika haya jioni kwa jioni, baada ya kufua, na kuta zilikuwa zinapanda huku naandika. Leo zimefika magotini. Mchana nilikwenda na mama kuwapelekea mafundi chakula. Mjomba aliruka ukuta akaingia, na mimi nikanyanyua mguu nimfuate, kwa sababu ndivyo inavyokuwa rahisi.

"Nyie," mama alituita. Alikuwa amesimama nje na sufuria kichwani, mahali ambapo mafundi wameacha nafasi. "Tokeni. Mlango uko huku."

Mjomba akasema huo si mlango, ni pengo.

"Toka upite hapa."

Tukatoka wote, mimi, mjomba, na mafundi wawili ambao walikuwa ndani kwa kazi. Tukapanga foleni kwenye jua. Mama akatangulia. Tukaingia mmoja mmoja nyuma yake, na fundi wa mwisho, sijui kwa nini, akafuta viatu.